Ilhamu na Mwenye Shughuli

Katika maswali ambayo vijana wenye hamu ya kutunga mashairi, hadithi na nyimbo humletea mtu aliyewatangulia kidogo kwa umri, hakuna linalorudi mara nyingi kuliko hili la ilhamu: inatoka wapi, inamjia nani, na kwa nini juzi ilikuwapo na leo haipo. Wengi wao wamekwisha kuamini, kabla hawajauliza, kwamba ilhamu hukaa mbali na maisha ya kila siku, na ya kuwa ili kuipata sharti mtu asafiri mpaka Unguja, au ajitenge juu ya jabali mojawapo la Mwanza akitazama ziwa wakati jua linapotua, au angalau awe na chumba chenye meza na utulivu. Mimi naishi Kirumba, ambako utulivu ni bidhaa adimu, na rai yangu ni kinyume cha hayo yote. Naamini kwamba ilhamu aghalabu humjia mtu mwenye shughuli, aliye katikati ya watu wenye shughuli zao, na kwamba anayeitafuta yenyewe tu, pasipo haja nyingine, hurudi kwake mikono mitupu.

Kwa asiyepajua, Kirumba ni kata ya Ilemela, kaskazini kidogo ya kitovu cha jiji la Mwanza. Wapenzi wa mpira huijua kwa uwanja wake, na wafanyabiashara wa Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya huijua kwa soko la Mwaloni, ambako dagaa na samaki wakavu kutoka pande nyingi za ziwa hukusanywa, hupimwa, hushindiliwa katika magunia na kupakiwa kwa safari ndefu. Ziwa lenyewe lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hapana kisiwa chenye kambi ya wavuvi ambacho habari zake hazifiki Mwaloni pamoja na mzigo wake. Humo utasikia Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kikara, Kiha, na Kiswahili cha Kongo ambacho kina lafudhi na madaha yake. Utasikia makuli wakiomba njia, madalali wakiapa viapo wasivyovikusudia, na mama lishe wakidai madeni ya jana. Mtu aishiye hatua chache kutoka hapo, kisha akalalamika kwamba hana la kuandika, amekosa kitu kingine, wala hajakosa mambo ya kuandika.

Basi ushauri wangu wa kwanza, ambao ndio mzazi wa mingine yote, ni huu: ukitaka kutunga, usiende mahali pa watu kutafuta la kutunga, nenda na haja. Nenda na kapu, na fedha kidogo, na kitoweo unachokihitaji kweli nyumbani. Mtu anayesimama sokoni akikodoa macho bila ya kununua, hata nia yake ikiwa njema kiasi gani, hudhaniwa kuwa ni mtoza ushuru, au askari kanzu, au mpiga picha aliyekuja kuwaaibisha watu. Mbele yake mazungumzo hukatika na nyuso hufungwa. Mwenye kapu hana wa kumshuku. Amwamkie mama muuza dagaa kwa shikamoo, au kwa “mwangaluka” ikiwa ni asubuhi na mama ni Msukuma, kisha aulize sado moja ni shilingi ngapi. Naye atatajiwa bei. Akisema kwa adabu kwamba bei imepanda, hapo ndipo mlango hufunguka, kwa sababu hakuna muuzaji apendaye kudhaniwa kuwa ni mwizi. Ataelezwa ya kwamba visiwani mvua imenyesha mfululizo, dagaa wakaoza mchangani wakauzwa kuwa chakula cha kuku. Ya kwamba petroli ya injini imepanda. Ya kwamba tajiri mwenye mtumbwi amegombana na vijana wake juu ya mgawo, nao wamehamia kambi nyingine usiku. Ya kwamba mteja mmoja wa Kongo alichukua magunia kwa mali kauli na sasa simu yake haipatikani. Katika maelezo ya bei ya sado moja mna hadithi nne, na kila moja ina mtu ndani yake, ina hasara, na ina jambo ambalo bado halijaisha. Mtunzi aliyekaa chumbani kwake mwezi mzima akibuni visa hawezi kushindana na hapo.

Nilimwona siku moja mama wa makamo, kanga kaifunga kibwebwe, akikagua gunia aliloletewa na kijana kutoka kisiwani. Hakujishughulisha na dagaa wa juu, maana kila muuzaji huweka juu walio wazuri. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya dagaa wa chini, akachagua mmoja, akamkunja kwa vidole viwili karibu na sikio lake. Dagaa aliyekauka barabara huvunjika kwa mlio. Huyu alipinda, asivunjike. “Mwanangu,” alimwambia yule kijana, “hawa bado wana usiku ndani yao. Warudishe juani, au nipunguzie.” Kijana alicheka, akapunguza, na gunia likahama mkono.

Malenga angeweza kukesha asiipate kauli ile, naye mama aliitoa pasipo kujua kwamba ametoa kitu, akiwa katika kuitetea fedha yake. Nimejifunza tangu hapo kutega sikio hasa pale mtu anapotetea kitu, iwe bei, iwe zamu, iwe jina lake, kwa kuwa wakati huo lugha hutoka ikiwa kali na bila ya mapambo. Lakini msomaji atambue jambo lingine lililo la maana zaidi kwa kazi yetu: mtu mwenye pupa angeichukua ile kauli peke yake, akaondoka nayo mbio, akaacha nyuma mkono uliozama guniani, na dagaa aliyepindwa karibu na sikio, na bei iliyoshuka. Akifika kwake ataona kauli imepoa, na hatajua sababu. Haya mambo huja kwa jozi na kwa makundi, na atakaye moja sharti achukue na jamaa zake.

Asije mtu akadhani kwamba fikira hizi nimezizua mimi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kisiwani Unguja yapata mwaka 1880, alikuwa mchuuzi wa vyungu kabla hajawa mwimbaji, akivibeba kutoka shamba mpaka mjini na kuvinadi kwa sauti yake, na hiyo sauti ya kunadi vyungu ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri. Alipokuwa amekwisha kuwa maarufu hakuyaacha ya mitaani: visa vya mji, dhuluma za wenye nguvu, kesi zilizozungumzwa barazani, vyote viliingia katika nyimbo zake, hata watu walizisikiliza kama wasikilizavyo habari. Nyuma yake kabisa yuko Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ambaye wajuzi wa fasihi humpa sifa ya kuutoa ushairi katika mambo ya dini peke yake na kuuingiza sokoni. Alitunga juu ya vita na ubishi wa miji, na pia juu ya mapenzi, njaa na mambo ya nyumbani kwake. Mashairi yake yaliokoka kwa sababu watu wa Mombasa waliyahifadhi vichwani miaka mingi, hata Mwalimu Sikujua akapata cha kukusanya. Naye Shaaban Robert, ambaye kila mwandishi wa Kiswahili anadaiwa naye, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na baada ya hapo akahamia idara nyingine za serikali, asiache kuandika. Sijui kama forodha ni mahali pa ilhamu. Lakini ni mahali ambapo mtu hutazama mizigo ya watu na kusikia udhuru wao, na asomaye maandishi yake aone mwenyewe kama mtu huyo hakuwajua wanadamu.

Huku kwetu, kwa Wasukuma, ushahidi ni mkubwa zaidi, maana ngoma ya bugobogobo ilizaliwa shambani. Wachezaji wake hushika majembe, wakayarusha na kuyadaka kwa mdundo, kwa sababu asili yake ni vikundi vya wakulima waliolimiana kwa zamu na kutaka mikono isichoke. Hakuna aliyewaambia waache jembe ili watafute sanaa. Waliipata kwa kulishika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vijana hawalipendi, kwa kuwa lina kazi. Kuwa wazi kwa ilhamu ni kuyajua majina ya vitu. Asiyejua majina huona ziwa na samaki, basi. Anayejua huona sangara, sato, furu, ningu, kambare na kamongo, na kila mmoja ana tabia yake na bei yake. Huona karabai zikisubiri giza, ingawa siku hizi taa za betri na za jua zimezinyang’anya nafasi. Huona chanja za kuanikia na kuzilinganisha na dagaa walioanikwa mchangani. Huona mabondo ya sangara yakipimwa kwa uangalifu kama dhahabu ilhali mapanki, yaani mifupa iliyobaki baada ya minofu kupelekwa ng’ambo, yanarundikwa kando kwa ajili ya mwenye kipato kidogo. Sangara mwenyewe si mwenyeji: aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuendelea, akawala furu mpaka aina nyingi zikatoweka, na wazee hapa wanakumbuka furu walivyokuwa kitoweo cha kila nyumba. Mtu asiyelijua neno furu hawezi kuusikia huo msiba katika sauti ya mzee anayelitamka.

Katika elimu hii ya majina mwalimu wetu ni jirani, ng’ambo ya maji kidogo tu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 hadithi ndefu aliyoiandika kwa Kikerewe, juu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliochelewa kupata mtoto. Na ndani ya hadithi hiyo, pasipo haraka yoyote, mna namna ya kulima, kuvua, kupika pombe, kuwapokea wageni, kuwatibu wagonjwa na kuozesha, mpaka msomaji huweza kukiona kisiwa kizima. Hakuhitaji kwenda popote kuyatafuta hayo. Alihitaji subira, na Mungu alimpa kwa wingi, kwa kuwa kitabu hakikutoka mpaka mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri yeye mwenyewe, naye akafariki mwaka uliofuata. Kisiwa hicho hicho kikamtoa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo mwaka 1944, ambaye katika Rosa Mistika, mwaka 1971, aliichukua familia ya kijijini kwao yenye baba mlevi na mabinti, mambo ambayo kila mtu alikuwa akiyaona na kuyanyamazia, akayaandika kwa uwazi uliowashtua wakubwa hata kitabu kikazuiwa shuleni kwa muda. Waandishi hawa wawili hawafanani kwa lolote, mmoja mpole, mwingine mkali. Walichoshirikiana ni kwamba hawakuona haya kuandika juu ya kisiwa kidogo.

Mintarafu ya daftari nina machache ya kusema. Liwe dogo, la kuingia mfukoni, na usilifungue mbele ya watu, maana kalamu ikitoka sokoni huleta baridi ile ile ya mtoza ushuru. Andika usiku huo huo, kabla ya kulala, kwa maneno yale yale yaliyosemwa, hata kama Kiswahili chake kimechanganyika na Kisukuma na kingine kisichojulikana. Usikisafishe, kwa kuwa ukikisafisha utaondoa sauti ya aliyesema na kubakiza yako, ambayo unayo tayari. Ya simu nitasema kwa kifupi. Kijana apandaye daladala kutoka Kirumba mpaka Buzuruga akiwa ameziba masikio yake kwa muziki amelipa nauli ya kwenda na amekataa zawadi ya njiani, ambayo ni konda, na mama mwenye kuku, na mzee anayesimulia kesi ya kiwanja kwa mtu asiyemjua. Sipendi pia desturi ya kuwarekodi watu kwa siri. Maneno ya mtu ni amana, na amana huchukuliwa kwa ridhaa.

Hapa pana jambo zito kuliko yote niliyotangulia kuyasema. Kuwa wazi kwa mambo ya kila siku hakumaanishi kwamba kila uonalo ni lako kulitumia. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Zipo nyumba katika mitaa yetu ambazo siku hiyo haijaisha ndani yake. Mtunzi atasikia, akikaa na watu kwa muda, habari ambazo angetamani kuziandika usiku huo huo: aliyeikosa meli kwa sababu ya homa ya mtoto, au aliyempa mwenziwe tiketi. Nami nasema azuie mkono wake. Aandike katika daftari kama apendavyo, lakini kabla ya kuitoa nje arudi kwa mwenye habari, aombe, na akikataliwa anyamaze, kwa kuwa sitara ya mtu ina haki kubwa kuliko shairi. Na si misiba peke yake. Muuza dagaa aliyekueleza deni la mteja wake hakukupa ruhusa ya kulitangaza. Badilisha jina, badilisha mtaa, mfanye mwanamke kuwa mwanamume ikibidi, mpaka yeye mwenyewe akisoma asiweze kuapa kwamba ni yeye. Nimewaona watunzi hodari wakipoteza masikio yote ya mtaa kwa sababu ya utani mmoja uliochapishwa, na tangu hapo wakibaki kutunga juu ya mwezi na maua.

Nimetaja mwezi, na hapo niwajibu wale wanaouliza juu ya siku kavu, ambazo mtu huenda sokoni na kapu lake, akasikia yote, akarudi, na kalamu isitikisike. Wavuvi wa dagaa huvua wakati wa giza, maana dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwa imejaa taa hupoteza nguvu yake juu ya maji. Basi kila mwezi zipo siku ambazo mitumbwi mingi ya dagaa hupandishwa mchangani, na ukipita kambini wakati huo hutamkuta mvuvi akilia kwamba kipaji cha kuvua kimemtoka. Utamkuta akishona nyavu, akiziba mtumbwi, akifungua injini, akilala mchana, akienda nyumbani kuwaona watoto. Mtunzi naye afanye vivyo hivyo. Siku kavu asome vitabu vya wengine, anakili daftari la zamani kwa mwandiko mzuri, ajifunze vina na mizani ambavyo alikuwa akivikwepa, au alipe madeni. Asijilazimishe kuandika kwa sababu tu jana aliandika. Na asijipe likizo ya miezi sita akaiita mbalamwezi, maana mwezi haujai kwa miezi sita.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu kazi yenyewe ikishatimia, kwa kuwa wengi huichukua ilhamu kwa watu kisha wakawapelekea watu wengine walichokipata, wenye shahada na miwani, ili wasifiwe. Wasukuma walikuwa na mahakama bora ya sanaa. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja kikipiga na kuimba upande wake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Chenye umati mkubwa ndicho mshindi, wala hapana hakimu mwenye kura ya siri. Mashindano ya namna hiyo hufanyika mpaka leo katika sherehe ya Bulabo kule Bujora, Kisesa, mahali palipojengwa na Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, kwa ajili ya kuhifadhi utamaduni wa Wasukuma. Humo mtunzi huona miguu ya watu, na miguu haijui kusema uongo kwa sababu ya adabu.

Kwa hiyo shairi lako likiisha, usilipeleke kwanza kwa rafiki yako mshairi. Lirudishe Mwaloni, siku ambayo unahitaji dagaa, saa ile ya mchana ambapo magari ya mizigo hayajaja na akina mama wamekaa juu ya magunia wakisubiri mizani. Muombe mmoja wao ruhusa ya kumsomea kitu kifupi, na usimwambie ni chako. Akiuliza aliyekitunga ni nani, au akimwita mwenziwe aje asikie, una kitu. Akirudi kuhesabu magunia yake kabla hujafika ubeti wa tatu, nunua dagaa wako, mshukuru, uende nyumbani ukakate ubeti wa kwanza na wa pili, maana aghalabu ndio wenye makosa.